Waliobisha Mlango

Somo kwa walimu wa Kanisa na Wakristo wote wasomao. Kwanza someni Obadia 10–14, kisha Hesabu 35:9–15.



Siku moja katika darasa la kipaimara, hapa Mjini Unguja, tulikuwa tukizungumza habari za Wayahudi, na jinsi serikali ya Hitler ilivyowaua watu karibu milioni sita katika miaka ya vita. Kijana mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, kama walijua ya kuwa wanachukiwa hivyo, mbona hawakuondoka mapema?" Nalimjibu kwa maneno machache. Nalisema ya kwamba wengi hawakuamini kuwa mambo yangefika mbali vile. Kijana akanyamaza, nasi tukaendelea na somo. Lakini jibu langu halikunipendeza mimi mwenyewe, hata usiku nikawa nikilifikiri.

Maana nililosema ni kweli, walakini ni kweli ndogo. Kweli iliyo kubwa ni kwamba maelfu kwa maelfu walitaka sana kuondoka, wakabisha mlango baada ya mlango, wasifunguliwe. Na baadhi ya milango hiyo ilikuwa ya nchi zetu hizi: Kenya, Tanganyika, na visiwa vya bahari yetu. Basi mwezi huu napenda kumjibu kijana yule vizuri zaidi, ili nanyi walimu mkipata swali kama lake mwe na la kusema.

Tuanze hapa kwetu. Mwenyeji wa Mji Mkongwe akishuka Shangani mpaka ufukoni aweza kukusimulia habari za Sayyid Khalid bin Barghash. Mwezi wa Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid akaingia katika jumba la kifalme pasipo idhini ya Waingereza. Tarehe 27 manowari zao zililipiga jumba kwa mizinga, na vita ile haikutimiza saa moja. Khalid akakimbilia nyumba ya balozi wa Kijerumani. Waingereza wakamtaka atolewe, Wajerumani wakakataa. Akakaa mle ndani muda wa wiki tano, na nje akingojewa akamatwe. Hata tarehe 2 Oktoba maji ya bamvua yalipojaa mpaka ukingoni mwa nyumba, mashua ya manowari ya Kijerumani ikasogea mpaka pale. Khalid akaingia mashuani asikanyage nchi ya Unguja, akachukuliwa hata Dar es Salaam. Sisemi kwamba Wajerumani walifanya hivyo kwa huruma, kwa kuwa walikuwa na mashindano yao na Waingereza. Nasema hili tu, ya kwamba aliyetaka kumwokoa mtu aliona njia, hata ikambidi kungojea maji yajae.

Miaka arobaini na ushei baadaye, Ujerumani yenyewe ndiyo iliyokuwa nchi ya kukimbiwa.

Hitler alipotwaa mamlaka mwezi wa Januari 1933, Wayahudi wa Ujerumani walikuwa kama 525,000, yaani hawakutimia hata mtu mmoja katika kila mia wa nchi ile. Walikuwa waganga, wafanya biashara, mafundi, waalimu, na wengi walikuwa wameipigania Ujerumani katika vita vya 1914. Kwanza walifukuzwa katika kazi za serikali; kisha kwa sheria za mwaka wa 1935 walivuliwa haki ya uraia; Machi 1938 Austria ikatwaliwa, na Wayahudi wake wakaingia katika shida ile ile. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938 masinagogi yalitiwa moto katika nchi nzima, maduka yakavunjwa, na wanaume kama 30,000 wakakamatwa wakapelekwa makambini. Wengi wao waliambiwa kwamba watafunguliwa kama wakionyesha hati ya kuwa watahama nchi upesi.

Hapa kijana wangu angalie sana. Mtu yule yu kambini; mkewe anakwenda huku na huku mjini kutafuta hati. Serikali ya Ujerumani huwanyang'anya mali wanapotoka, na nchi za kuingilia huwataka waje na mali. Mwenye fedha amenyang'anywa, na asiye na fedha hapokelewi. Tena nchi nyingi zilitaka cheti cha ruhusa kabla mtu hajapanda meli, na vyeti vilihesabiwa kama vile mtu ahesabuvyo vibaba vya mchele wakati wa njaa.

Mwezi wa Julai 1938 Rais Roosevelt wa Marekani aliziita nchi nyingine zije zishauriane juu ya wakimbizi hawa. Wakakutana wajumbe wa nchi 32 katika mji wa Evian, Ufaransa, kando ya ziwa, wakakaa tangu tarehe 6 hata tarehe 15. Mjumbe baada ya mjumbe alisimama akasema jinsi nchi yake inavyowahurumia watu hao, akaendelea kueleza kwa nini nchi yake haiwezi kuwapokea zaidi: mmoja alisema kazi zimepungua, mwingine kwamba nchi imejaa, mwingine kwamba hawataki kuleta ugomvi wa makabila mahali usipokuwapo. Nchi moja ndogo tu, Jamhuri ya Dominika, ndiyo iliyosema kwamba yaweza kuwapa makazi wengi. Nao walioweza kufika huko baadaye walikuwa mamia tu. Sisi tuna mithali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Wageni hawa walikuwa wakiomba jembe tangu siku ya kwanza.

Uingereza nayo ilikuwa na mlango wa Palestina mkononi mwake, nayo haikutaka utajwe mkutanoni, kwa sababu ya vita vya Waarabu na Wayahudi vilivyokuwa huko. Badala yake mjumbe wake, Lord Winterton, alitaja Kenya. Alisema kwamba huenda familia chache za Kiyahudi zikaweza kukaa huko. Na tarehe 21 Novemba 1938, siku chache tu baada ya masinagogi kuchomwa moto, Waziri Mkuu Neville Chamberlain alisimama Bungeni akazitaja nchi za mbali zilizo chini ya Uingereza ambako pengine ardhi ingepatikana, na miongoni mwake Tanganyika.

Msomaji atauliza, kwa nini sisi? Yafaa turudi nyuma kidogo, maana nchi zetu zilikuwa zimetajwa zamani. Mwaka wa 1903 Wayahudi wa mji wa Kishinev, katika dola ya Urusi, walishambuliwa wakauawa watu 49. Mwaka ule ule waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, baba yake Neville, alimwambia Theodor Herzl, mkuu wa chama cha Wazayoni, kwamba Uingereza yaweza kuwapa Wayahudi nchi katika nyanda za juu za Uasin Gishu. Watu wamezoea kuliita jambo lile mpango wa Uganda, ingawa mahali penyewe leo ni Kenya. Mkutano wa Wazayoni mjini Basel ulibishana kwa machozi. 295 walikubali watumwe watu kuikagua nchi, 178 walikataa. Wakaguzi watatu wakaja, wakazunguka huko mwanzoni mwa mwaka wa 1905, wakarudi na habari zisizotia moyo, na mkutano wa mwaka ule ukaukataa mpango. Walowezi wa Kizungu wa Kenya, wakiongozwa na Lord Delamere, walikuwa wamekwisha kufanya halmashauri ya kuupinga.

Angalieni ni nani asiyetajwa katika habari hiyo. Wanandi na Wamasai walikuwa wakilisha ng'ombe wao katika nyanda zile, na Wanandi walikuwa bado wanapigana na Waingereza. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa mwezi wa Oktoba 1905. London ilitoa nchi, Basel ikaikataa, na mwenye nchi hakuulizwa katika kutoa wala katika kukataa. Hata mwaka wa 1938 mambo hayakuwa yamebadilika. Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, Eliud Mathu, aliingia mwaka wa 1944. Tanganyika walingoja mpaka 1945, na hapa Unguja mpaka 1946.

Nayasema haya kwa kuwa nimewasikia ndugu wengine wakisema kwamba nchi za Afrika ziliwafungia mlango Wayahudi. Hapana. Mwenye nyumba alikuwa ameondolewa mlangoni siku nyingi. Ardhi bora ya Kenya ilikuwa imewekwa kwa ajili ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliambiwa hapana nafasi kwake juu ya vilima vile, na Myahudi aliyekimbia kifo aliambiwa vivyo hivyo, na mtu yule yule. Ningependa kujua wazee wa Kinandi wangalisema nini kama wangaliulizwa. Labda wangalikataa, nao wangalikuwa na haki. Labda wangaliona njia. Hawakuulizwa.

Basi baada ya maneno ya Evian na ya Bungeni, yakatokea nini? Machache sana. London kiliundwa chama kilichoitwa Plough Settlements Association, ili kuwatafutia wakimbizi mashamba Kenya na kuwafundisha ukulima. Walowezi wengi walinung'unika: walitaka wageni wa asili ya Kiingereza, tena wachache, tena wenye mali. Aliyetaka kuingia ilimpasa kuweka amana ya fedha au kupata mtu wa kumdhamini, na Wayahudi wa Nairobi, waliokuwa wachache na wenye sinagogi lao tangu kabla ya vita vya 1914, walijitahidi sana kuwadhamini wenzao. Tanganyika jambo lilikuwa gumu zaidi. Wajerumani walikuwa wengi katika mashamba ya huko, na chama cha Hitler kilikuwa na matawi yake kati yao. Naye Hitler alikuwa akidai makoloni ya zamani yarudishwe. Serikali iliogopa kumwudhi huyu na yule. Mashauri yakaandikwa, barua zikaenda na kurudi, mpaka Septemba 1939 vita vikaanza na barua zikakoma. Waliopata kuingia Afrika ya Mashariki kwa njia hizi zote walikuwa mamia tu.

Walikuja kwa meli, na meli za kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki zilikuwa zikitia nanga Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, kama wazee wetu wajuavyo. Mmoja wa watoto waliokuja alikuwa Stefanie Zweig, aliyezaliwa mwaka wa 1932. Baba yake alikuwa mwanasheria. Alitangulia, kisha mke na mtoto wakamfuata mwaka huo wa 1938. Sheria ya Kijerumani haikumfaa kitu huko bara ya Kenya, akawa msimamizi wa shamba la watu, na mtoto akakua akisema Kiswahili pamoja na watu wa shambani. Mwaka wa 1947 walirudi Ujerumani. Alipokuwa mtu mzima aliyaandika hayo katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1995, na sinema iliyofanywa kwa kitabu hicho mwaka wa 2001 ilipata tuzo kubwa Marekani; ndani yake Kiswahili chasikika sana, nasi tukikitazama twaelewa pasipo kusoma maandishi ya chini.

Jambo moja katika habari za wakimbizi wale wa Kenya lilinishangaza zaidi. Vita vilipoanza, Waingereza waliwakamata Wajerumani wote waliokuwamo, kwa kuwa ni watu wa nchi ya adui. Na Wayahudi je? Hati zao za kusafiria zilikuwa za Kijerumani, nao wakakamatwa pia. Mtu aliyefukuzwa Ujerumani kwa kuwa si Mjerumani alifungwa Kenya kwa kuwa ni Mjerumani. Baadaye walifunguliwa. Lakini fikiri fikira za mtu yule usiku wa kwanza kizuizini, akiwasikia karibu naye wafuasi wa Hitler wakiimba.

Tutoke bara sasa, twende baharini, maana bahari hii yetu nayo inayo sehemu katika habari hizi. Mwaka wa 1937 serikali ya Poland ilituma wakaguzi kisiwa cha Bukini, yaani Madagascar, kuona kama Wayahudi wa Poland wangeweza kuhamishiwa huko. Mwaka wa 1940 Ufaransa ilipoanguka, maofisa wa Hitler waliushika mpango ule kwa nia nyingine, wakitaka kuwatupa Wayahudi wa Ulaya kisiwani mle chini ya ulinzi wao, ambamo wengi wangekufa. Manowari za Waingereza zilikuwa bado zatawala bahari, kwa hiyo mpango ukaachwa. Mwaka uliofuata wakaanza kuua.

Mwezi wa Novemba 1940 meli tatu mbovu zilizojaa Wayahudi kutoka Vienna, Danzig, Prague na kwingineko zilifika Palestina. Waingereza waliazimu kuwahamisha. Watu wengine wa meli hizo walikwisha kutiwa katika meli kubwa iitwayo Patria katika bandari ya Haifa. Wayahudi wenzao wa Palestina wakatia baruti ili kuiharibu isiweze kusafiri, lakini baruti ilizidi, meli ikazama tarehe 25 Novemba, wakafa watu zaidi ya 260. Waliookoka ajali ile waliachwa wakae. Wengine, watu 1,580, waliokuwa wamefika kwa meli ya tatu, Atlantic, walichukuliwa kwa nguvu wakapelekwa kusini mpaka Mauritius, mojawapo ya visiwa vya upande ule ambako mbegu za mikarafuu yetu zilitoka. Walifika tarehe 26 Desemba, siku ya pili ya Krismasi. Wakatiwa katika gereza la Beau Bassin: wanaume katika vyumba vya wafungwa, wanawake na watoto katika vibanda vya mabati kando yake, na ukuta kati ya mume na mke. Malaria na homa ya matumbo ziliwapata. Hawakuwa na hatia yo yote. Walikaa hapo mpaka Agosti 1945, na zaidi ya 120 kati yao walizikwa katika makaburi ya St. Martin, ambako makaburi yao yako hata leo. Hata hivyo waliokoka wengi, na ndugu zao waliobaki Ulaya waliangamia. Mtu aweza kushukuru kwa ajili ya gereza, na gereza likabaki kuwa aibu.

Kabla ya hapo ilikuwako meli nyingine, St. Louis, iliyotoka Hamburg tarehe 13 Mei 1939 ikiwa na abiria 937. Cuba iliwapokea 28 tu. Marekani na Canada hazikuwafungulia. Meli ikageuka ikarudi Ulaya. Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi ziligawana abiria wake. Mwaka uliofuata Hitler aliziteka hizo tatu za mwisho, na watu 254 wa meli ile waliuawa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo, kama nionavyo mimi, lajibu udhuru wote wa Evian. Mwaka wa 1942 walikuja Wapoland. Hawa walikuwa wamehamishwa na Warusi mpaka Siberia, kisha wakafunguliwa, wakapita Uajemi wakiwa na njaa na maradhi, wengi wao wanawake na watoto. Waingereza walihitaji mahali pa kuwaweka, nao walikuwa marafiki wa vita. Na tazama, nafasi ikapatikana! Wapoland karibu 18,000 walipokelewa Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Huko Tengeru, karibu na Arusha, walijengewa nyumba za duara, wakafikia karibu 5,000, wakiwa na shule, hospitali na kanisa. Wengine walikaa Ifunda, Kondoa na Morogoro. Wengine Masindi na Koja katika Uganda. Wengine Kidugala, na Walutheri wa Nyanda za Juu za Kusini walijua jina hilo, maana ni kituo cha misioni ya Berlin, ambacho wamisionari wake wa Kijerumani walikuwa wameondolewa kwa sababu ya vita. Makaburi ya Tengeru yanatunzwa hata sasa, na kati ya Wapoland wale walikuwamo pia Wayahudi wachache.

Sitaki mtu awaonee kijicho Wapoland, ambao mateso yao yalikuwa makubwa, na watu wa Meru na Hehe na Bena waliishi nao kwa amani. Lakini nchi ile iliyokuwa haina nafasi mwaka wa 1939 kwa Wayahudi mia tano ilikuwa na nafasi mwaka wa 1942 kwa maelfu. Ardhi haikuongezeka katika miaka mitatu. Na mwezi wa Aprili 1943, wakati Wayahudi wa Warsaw walipokuwa wakipigana mtaani mwao dhidi ya wauaji wao, Waingereza na Wamarekani walikutana Bermuda kushauriana tena juu ya wakimbizi, wakaondoka wakiwa wamefanya kidogo sana.

Je, na sisi Walutheri? Mwalimu asilipite swali hili. Martin Luther mwenyewe, mwaka wa 1543, alipokuwa mzee, aliandika kitabu kibaya juu ya Wayahudi, akiwashauri watawala wachome masinagogi yao na kubomoa nyumba zao. Watu wa Hitler walikitoa kitabu hicho wakakitumia. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, katika mkutano wake wa Budapest wa mwaka wa 1984, lilipokea tamko la kuyakataa maneno yale. Ni vema tuyakatae nasi, tena tuangalie ndimi zetu. Maana hata hapa pwani nimesikia mtu akimtukana mchuuzi mwenye bei kali kwa kumwita Yahudi, na wasikiaji wakacheka, Wakristo wakiwamo.

Katika Berlin mchungaji Heinrich Grüber alifungua ofisi mwaka wa 1938 ya kuwatafutia Wakristo wa asili ya Kiyahudi njia ya kuhama, akawasaidia na wengine. Desemba 1940 alikamatwa akatiwa kambini. Msaidizi wake Werner Sylten, mchungaji ambaye baba yake alikuwa wa asili ya Kiyahudi, aliuawa mwaka wa 1942. Sweden, nchi ya Kilutheri, ilikuwa kati ya nchi zilizoisukuma Ujerumani mwaka wa 1938 itie alama katika hati za Wayahudi ili wajulikane mpakani na kuzuiwa. Lakini Sweden ile ile iligeuka. Mwanzo wa Oktoba 1943, Wajerumani walipotaka kuwakamata Wayahudi wote wa Denmark, barua ya maaskofu wa Kilutheri ilisomwa makanisani tarehe 3, ikisema wazi kwamba Kanisa lapinga jambo hilo. Wavuvi, waganga, wachungaji na watu wa kawaida waliwaficha Wayahudi, wakawavusha usiku kwa mashua za uvuvi mpaka Sweden, wapata 7,200. Safari yenyewe, mahali pengine, haikuzidi upana wa mkondo ulio kati ya Unguja na Bagamoyo, wala haikufika hapo. Waliokamatwa walikuwa kama 470. Denmark ilikuwa nchi ndogo iliyotekwa na adui, isiyo na jeshi. Haikuwa na nafasi kubwa wala nguvu kubwa kuliko zile 32 za Evian.

Sasa chukueni Obadia. Nabii anawahukumu Waedomi siku ile Yerusalemu ulipoanguka. Mambo anayowashitaki yapanda kama ngazi. Kwanza walisimama mbali wakatazama; naye nabii anawahesabu kwa hilo kuwa kama mmoja wa wale waliovunja mji. Kisha walifurahi. Mwisho walikaa penye njia panda wakawazuia waliokuwa wakikimbia. Wengi tukisoma twajiona tumeokoka kwa kuwa hatukufanya lile la mwisho. Lakini nabii haanzi na la mwisho. Nayo ile miji sita ya makimbilio, katika Hesabu, iliwekwa kabla haijatokea damu ya mtu kumwagika, wala haikuwa kwa Waisraeli peke yao, bali kwa mgeni pia akaaye kati yao.

Wazee wa visiwa hivi hawahitaji kufundishwa na mwalimu maana ya kukimbia. Mwaka wa 1964 wengi walivuka kwenda bara, Mombasa, na Uarabuni. Mwezi wa Januari 2001 watu wa Pemba wapata 2,000 walivuka kwa mashua hata Shimoni, pwani ya Kenya. Katika darasa huenda yumo mtoto ambaye babu yake alikuwa katika mashua, na mwingine ambaye babu yake alikuwa ufukoni. Mwalimu na awe na busara hapo, asiwalazimishe kusema.

Mtakaofundisha somo hili, tumieni ramani ya Afrika na ya bahari yetu, mkiwaonyesha vijana mahali palipo Uasin Gishu, Tengeru, Kidugala, Bukini na Mauritius, kabla ya kuwaonyesha Ujerumani. Likae vipindi viwili, maana kimoja hakitoshi. Mimi nalijaribu kwa kimoja, nikamaliza Evian tu kengele ikalia. Yule kijana aliyeuliza amekwisha kubarikiwa, naye yuko bara kwa masomo. Nimempelekea karatasi hii kwa posta.